Mama Ametoa Ushahidi wa Kitabuni

Kihonda, Morogoro.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Raphael,

Marahaba, maana najua ukishaona mwandiko wangu utaniamkia hata kama sipo hapo kukuitikia. Hamjambo huko Bukoba? Wifi yangu Esther anaendeleaje na mgongo wake? Na wewe kile kifua kimetulia, au bado unakohoa mbele ya wanafunzi halafu unasema ni vumbi la chaki? Nenda hospitali, Raphael. Siku hizi mnaandikia kalamu kwenye ubao mweupe, hilo vumbi unalitoa wapi?

Huku sisi hatujambo kiasi. Duka linakwenda, mashine moja ya fotokopi inatafuna karatasi na nyingine inazilamba tu. Presha yangu imepanda kidogo na punde nitakueleza nani kaipandisha. Mama anakula vizuri, analala vizuri, ila jicho la kulia limefunga kabisa na la kushoto linaona vivuli tu. Akisikia mlango unafunguliwa anauliza kama ni wewe.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia kwa karatasi wakati simu ipo. Simu nimeijaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulinijibu kwa kidole gumba. Mara ya pili uliniambia nitenganishe mwandishi na kazi yake, nikakaa dakika nzima naitazama ile sentensi kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemwalika. Mara ya tatu nilikuandikia maneno makali kweli, na kwa hasira nikayatuma kwa mteja aliyekuwa anasubiri kadi za harusi. Bibi harusi mwenyewe alinipigia kuniuliza kakosa nini.

Basi soma hapa polepole. Jambo lenyewe ni shamba la mama, lile la juu ya Mkuyuni, na tuko karibu kulipoteza.

Tangu Machi watu wa mipaka wamekuwa wakipita kijijini kupima upya mahali msitu unapoishia na mashamba yanapoanzia. Kwa majirani zetu wa chini hakuna tatizo. Shamba letu liko palepale kwenye ukingo. Kigingi kikikaa juu yake ni letu, kikikaa chini yake ni msitu, na mdalasini wote wa bibi pamoja na migomba na magimbi vinabaki kwa nyani. Kamati ya mipaka ilisema shamba ambalo ukoo unaweza kueleza mpaka wake wa zamani na asili yake litaachwa. Jambo la haki kabisa, sikulalamika. Nilijua mama yupo, na mama amezaliwa mle shambani. Nilitembea kifua mbele mji mzima.

Sasa nije kwa Mwalimu Godlisten wako.

Wewe unamfundisha darasani kila mwaka, unamjua kwa vitabu vyake. Mimi namjua kwa vyombo alivyokuwa haoshi. Alipopangiwa kazi shule ya kijijini mwaka 1994, kijana mwembamba kutoka Kilimanjaro, nyumba ya mwalimu haikuwa na paa, akakaa kwetu miaka miwili. Mama alimlisha bila kumwomba hata kibaba. Alikuwa akipanda naye shambani kila Jumamosi, mama analima, yeye amekaa kwenye jiwe na daftari lake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nikidhani anasahihisha kazi za wanafunzi.

Miaka kumi na tano baadaye ndiyo tukapata jibu la lile daftari. *Ukungu wa Saa Nne* ulipotoka wewe ndiye uliyeniletea nakala, ukasema, "Dada, fungua ukurasa wa sitini na moja." Nikafungua, nikaliona shamba letu. Lile jiwe lipo. Kijito kinachopotea chini ya mawe na kutokea tena kwenye magimbi kipo. Ukungu unaoshuka alfajiri na kukaa mpaka saa nne, hata unasikia majembe ya watu kabla hujawaona, upo vilevile. Bibi mwenye shamba kampa jina la Bibi Angelina, lakini kikohozi chake ni cha mama na ukali wake ni wa mama. Nilisoma nikiwa nimesimama, na wali ukaungua.

Huyo ndiye mtu ambaye sasa, kila Jumapili kwenye safu yake gazetini, na redioni wakimwalika, anasema watu wote wa juu washushwe. Wagawiwe viwanja bondeni, mlima uachwe upumue. Mwezi wa pili nilimsikia kwa masikio yangu mawili akisema kwamba wakulima wa mlimani hawana mapenzi na ardhi, wana njaa tu. Nilikuwa nachapa mtihani wa watu. Nilizima redio, nikazima na mashine, nikafunga duka saa tano asubuhi.

Usinielewe vibaya. Msitu nautaka na mimi. Maji ninayokinga hapa Kihonda yanatoka mlimani kulekule, na najua wako watu waliochoma mahali pasipochomwa. Angesema hivyo ningemuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini kusema mama hana mapenzi na ardhi! Mtu aliyemwona mama akimenya mdalasini upande mmoja tu ili mti usife, na akaliandika hilo kwa ukurasa mzima hata mimi niliyelelewa mle nikajifunza jambo! Yeye mwenyewe kwao wanalima mlimani, migomba mpaka mlangoni, na sijasikia akiwashusha wajomba zake. Mfadhili mbuzi utamnywa mchuzi.

Na hapa ndipo ninapojichukia, mdogo wangu, nikueleze wewe maana siwezi kumweleza mtu mwingine. Nimeapa mara ngapi sitamsoma tena? Kitabu chake cha mwaka jana nilikinunua mjini, nikakifunga gazeti, nikakiweka chini ya kaunta pale ninapoweka wino. Mama Stefano wa jirani alidhani nasoma mambo ya aibu. Nilikimaliza kwa siku mbili. Nilicheka peke yangu, nikalia peke yangu, na nilipofika mwisho nilikasirika kwamba kimekwisha. Halafu Jumapili nikafungua gazeti na kumkuta anatuita fuko wanaotoboa mlima. Mkono uleule, Raphael! Ningejua anaandika vibaya ningepumzika. Ningemtupa nikaishi kwa amani.

Unaniambia nitenganishe. Nitenganishe kwa kisu gani? Wewe uko Bukoba, ukimaliza kumfundisha unafunga kitabu unakwenda kula ndizi na samaki. Kwangu mimi yule mtu yuko redioni, yuko gazetini, na yuko mezani kwa mama.

Ndiyo, kwa mama. Kosa hilo ni langu na nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua, kwa hiyo nilitue.

Nilipomshusha mama kutoka kijijini miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya macho, alikuwa mnyonge sana. Mji haumwingii. Redio inampigia kelele, televisheni haioni. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nikamsomea ule ukurasa wa sitini na moja. Uso wake ulifunguka. Akaanza kunisahihisha. Hapana, kijito kiko mkono wa kushoto. Hapana, bibi yako hakuwa anavuta tumbaku, huyo alikuwa shangazi yake. Tulicheka sana. Tukamaliza kitabu, akasema turudie. Tumerudia mara nne. Tukishaosha vyombo vya mchana nafunga duka nusu saa, tunakaa kibarazani nasoma. Ulikuwa wakati wangu mtamu kuliko yote, sikufichi. Hata Godlisten nilimsamehe kwa ile nusu saa.

Ambacho sikukiona ni kwamba safari ya tatu mama alinisahihisha mara chache. Safari ya nne hakunisahihisha kabisa. Nilidhani anasikiliza kwa raha.

Tarehe 24 Mei tukapanda kijijini. Nilimkodia gari mpaka barabara inapoishia, vijana wakambeba kwenye kiti mpaka ofisi ya kijiji. Alivaa kitenge chake cha Jumuiya ya kanisani. Watu walikuja wengi, maana wengine wa ukingoni nao walitegemea neno lake. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki upande ule. Mzee Yeremia, mwenyekiti wa kamati, akamwamkia kwa heshima, akamwuliza shamba lile lilianzwa na nani.

Mama akasema, "Bibi Angelina."

Kila mzee pale anajua mama yake mama aliitwa Mosi. Kaburi lake liko palepale, jina limechorwa kwenye saruji. Nikamgusa mama mkono, nikamnong'oneza. Akanitoa mkono kama anafukuza nzi.

Mzee Yeremia ni mtu mwema, akapita hapo, akauliza mpaka wa juu uliwekwa alama gani. Mama akajinyoosha. Akasema bibi alipanda masale, kumi na mawili, kutoka kwenye jiwe mpaka kijitoni, na kila mtu aliyetaka kuvuka alipaswa kuyaomba radhi. Aliyasema vizuri mno. Watu walimsikiliza mpaka wengine wakasahau kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuona sale katika shamba lile.

Unajua mwenyewe, mpaka wetu ni mibono. Tuliikata fimbo, tulichomwa na utomvu wake. Masale ni mimea ya kwao Godlisten. Kwao ndiko sale huwekwa mpakani, kwao ndiko watu huombea radhi kwa jani lake. Alipoandika kitabu aliona mibono haina heshima ya kutosha, au alikumbuka nyumbani, sijui, akapanda masale yake ndani ya shamba la mama yangu. Na yanapendeza! Huo ukurasa ndio mzuri kuliko yote. Nilikuwa nikiufikia napunguza sauti.

Maofisa wakapanda kuangalia. Wakarudi baada ya saa mbili, wakasema masale hayapo, wala visiki vyake. Waliona mibono, lakini mwenye shamba hakutaja mibono. Kijana mmoja wa vipimo, mpole, akaniuliza pembeni kama mama anaumwa. Nikamwambia haumwi, amesoma sana. Akanitazama kama mimi ndiye ninayeumwa.

Na mimi nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilikuwa nimebeba fotokopi za ukurasa wa sitini na moja mpaka sitini na nne, nilizozitoa dukani kwangu mapema, nikidhani zitatusaidia kuonyesha kwamba mwaka 1994 shamba lilikuwepo. Mtendaji wa kijiji alikuwa ameshanigongea hadi muhuri wa nakala halisi, bila kuuliza ni nakala ya nini. Nikazitoa. Ofisa mmoja akasoma, akatabasamu, akasema hiki kitabu anakijua, alikisoma sekondari. Akaniomba kitabu chenyewe, nilichokuwa nacho mkobani. Akafungua ukurasa wa mbele kabisa, pale pameandikwa kwamba watu, mahali na matukio yote ni ya kubuni. Akausoma kwa sauti mbele ya kijiji. Halafu akasema, bila ubaya wowote, kwamba hata mwandishi mwenyewe siku hizi anashauri watu washuke.

Nilitamani ardhi ipasuke, na ningefurahi kama ingepasuka upande aliko Godlisten.

Kamati haikufunga jambo. Mzee Yeremia aliomba ukoo upewe nafasi moja tena, wakakubali. Siku hiyo ni Jumamosi ya tarehe 28 Juni, saa tatu asubuhi. Tulete mtu mzima wa upande wa mama anayekumbuka mpaka kwa macho yake, asiyesimulia hadithi. Ndivyo walivyoandika kwenye karatasi, "asiyesimulia hadithi".

Nikafanya ambalo nilisema sitalifanya. Nikatafuta namba ya Godlisten nikampigia. Alinipokea vizuri, akanijua mara moja kwa sauti, akanisalimu kwa jina la utani alilonipa enzi zile, akaniuliza macho ya mama. Roho ikaanza kulainika, nakwambia ukweli. Nikamweleza yote. Nikamwomba karatasi moja tu: kwamba aliishi kwetu, kwamba shamba lilikuwepo, kwamba mpaka ulikuwa mibono na masale aliyaweka yeye.

Akasema, "Dada Felista, ile ni riwaya. Lile shamba nililitunga."

Nikamwambia, "Mwalimu, ulikuwa unakula ndizi zake."

Akasema anamheshimu sana mama, lakini hawezi kuandika gazetini hivi na kwa kamati vile. Watu watamwona kigeugeu. Akasema mlima ni mkubwa kuliko mtu mmoja. Akaniahidi kitabu kipya kikitoka atamtumia mama nakala yenye sahihi. Nilikata simu, Raphael. Sijawahi kumkatia mtu simu maishani isipokuwa wale wa bahati nasibu.

Kwa hiyo sina mwingine ila wewe. Mimi nimeshachafua, kila nikisema watasema ndiye yule wa fotokopi. Wewe ni mjomba wa watoto wangu, ndiye unayestahili kusema kwa ajili ya ukoo huu, na ulikuwa mkubwa wa kutosha mwaka ule kuujua kila mbono kwa mahali pake. Omba ruhusa shuleni. Panda basi tarehe 25, tarehe 26 usiku utakuwa hapa, tarehe 27 tutapanda wote. Ukifika pale usiseme neno moja zuri. Usiseme ukungu. Sema mibono, sema mingapi, sema kaburi la Bibi Mosi liko hatua ngapi kutoka kwenye jiwe, kaa chini. Na tafadhali usiniletee habari za kutenganisha, maana kwa mama vimeshashikana na mimi ndiye niliyevishikanisha.

Msalimie sana wifi Esther, mwambie ule mchele aliotutumia ulikuwa mzuri. Wabusu Severin na Magreth, waambie shangazi yao anataka matokeo ya muhula kwa namba, siyo kwa maelezo. Mama Stefano anakusalimu, anauliza kama Bukoba mvua haiishi kweli. Padre naye aliulizia ukoo wote Jumapili, nikamwambia atuombee hasa wewe na kifua chako.

Mama anakusalimu pia. Tuliporudi kutoka kijijini niliacha kumsomea. Nilikitia kitabu kabatini, nikaanza kumfundisha upya kama mtoto wa chekechea. Kila mchana nakaa naye kibarazani namwuliza: bibi aliitwa nani, mpaka ulikuwa mti gani? Siku nyingine anasema Mosi, na moyo wangu unaruka. Siku nyingine nikimwambia mibono ananikemea, ananiambia nisome vizuri, na mkononi sina kitabu. Anazidi kunyamaza. Jana ilikuwa siku ya kumi na tano. Nilimwuliza tena, hakunijibu swali. Alinipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akasema, "Felista mwanangu, nimekukosea nini? Mbona siku hizi hunipeleki shambani?"

Nilikwenda kabatini nikamsomea mpaka ukurasa wa mwisho, duka likiwa limefungwa, na Mungu anisamehe, lilikuwa shamba zuri sana.

Mungu akulinde njiani, akufikishe salama kabla ya tarehe 28.

Wako akupendaye hata akikukasirikia,

Dada yako,
Felista